Mstari Alioubakiza Mkalimani

Mtu aliyetufundisha kusikiliza Kiingereza aliiacha kazi ya ukalimani mahakamani kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakuisikia. Hakufukuzwa, wala hapakuwa na aliyejua. Hakimu, ambaye alikuwa Mzungu, aliinuka kitini akaenda dirishani, akasema maneno machache akiwa ameupa ukumbi mgongo, kisha akarudi kukaa na kusubiri jibu. Kizimbani alisimama mtu wa Horohoro aliyeshtakiwa kuiba baiskeli. Mkalimani hakumwomba hakimu arudie. Alimgeukia mshtakiwa akamwuliza kwa Kiswahili kama ana la kuongeza. Mshtakiwa akasema, "Sina." Mkalimani akaligeuza jibu hilo kuwa Kiingereza, hakimu akaliandika, na mtu wa Horohoro akafungwa miaka mitatu.

Hakimu aliuliza nini? Hilo ndilo lililomla yule mzee kwa miaka yote niliyomjua, na mimi sikulijua ila mwishoni. Kwa muda mrefu nilimjua kama mwalimu tu, mtu wa kanzu safi na viatu vilivyong'arishwa, ambaye watu wa mtaa wake wa Ngamiani walimwita Mkalimani ingawa hakuwa akikalimani chochote tena.

Nilimwendea kwa sababu nilikuwa nimeanguka mtihani. Nilikuwa karani wa bohari la mizigo karibu na bandari, na ukarani wa daraja la juu ulikuwa na mtihani wake: Mzungu anasoma habari kwa sauti mara moja, wewe unaandika dondoo, kisha karatasi zinakusanywa na unaulizwa maswali. Kiingereza cha kusoma nilikuwa nacho tele. Cha kusikia kilinipita kama maji ya mfereji wakati wa masika. Nilishika neno la kwanza, nikawa nalifikiria, na mengine ishirini yakaenda zake.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia siku ya kwanza, alasiri, nikiwa nimesimama chini ya baraza yake.

"Marahaba. Umekuja kusema au kusikia?"

"Kusikia."

"Basi kaa, weka mikono mapajani. Hiyo kalamu itie mfukoni. Kalamu ikiwa mkononi, sikio huwa mtumwa wake."

Tulikuwa wanafunzi watano au sita, wote watu wazima, wengine na watoto wao. Niliyemzoea zaidi ni karani wa shamba moja la mkonge, Mshambaa, Mlutheri, aliyesomea misheni na aliyekuja kwa baiskeli mara tatu kwa wiki. Huyo Kiingereza chake cha kutamka kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, kwa hiyo Mkalimani alimfanya msomaji. Siku zisizokuwa na usomaji tulisikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza katika redio ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye hakuelewa neno lakini alisimamisha cherehani yake kwa heshima hadi taarifa iishe.

Jambo la ajabu ambalo kila mgeni alilitambua baada ya siku mbili ni hili: Mkalimani mwenyewe hakusema Kiingereza. Si kwamba hakukijua. Alikisikia kama mtu anavyosikia mvua ikianza juu ya makuti, bila kujitaabisha, na alikieleza kwa Kiswahili chenye uzito uleule, hasira kwa hasira na utani kwa utani. Ila kinywani mwake hakikupita. Karani wa mkonge alijaribu kumtega. Alimsalimu kwa Kiingereza, akamwuliza habari za asubuhi.

"Nzuri," mzee alimjibu kwa Kiswahili. "Na baiskeli yako inataka mafuta. Naisikia tangu kona ya msikiti."

Kuhusu sikio lake ningeweza kuandika daftari zima. Nitatoa kisa kimoja ambacho nilikichunguza mwenyewe, maana tangu ujana sikupenda kuamini jambo kwa sababu tu limesimuliwa vizuri. Palikuwa na sherehe ya kufungua bohari jipya, na mkubwa mmoja wa serikali alihutubia kwa Kiingereza karibu saa nzima. Mkalimani alitupeleka tukasimame nyuma, kwenye jua. Yeye aliweka mikono mbele ya tumbo kama mtu aliye kwenye swala, akafumba macho. Hotuba ilipokwisha ndipo alipotoa daftari akaandika mistari kumi na mmoja.

Siku tatu baadaye, barazani, alituambia hotuba ile kwa Kiswahili kutoka kwenye ile mistari kumi na mmoja. Aliieleza yote, hata pale mkubwa alipojikwaa na kuanza upya. Karani wa mkonge alikuwa amepata hotuba iliyopigwa chapa, kutoka ofisini kwao. Alifuatisha kwa kidole. Mwishoni akatabasamu.

"Mwalimu, leo nimekupata. Pana aya nzima juu ya barabara ya Pangani. Hukuisema."

"Hakuisema."

"Imo hapa, imepigwa chapa."

"Yakhe, mie sikusikiliza karatasi. Nilimsikiliza mtu."

Tulicheka, tukadhani anajitetea. Wiki iliyofuata karani alirudi akiwa mpole. Alikuwa amemwuliza bwana wake, aliyekaa mstari wa mbele siku ile, na bwana akamwambia kwamba mheshimiwa aliona wingu linakuja akaruka ukurasa mmoja. Hatukumtega tena mzee baada ya hapo.

Dondoo zake aliziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kama wazee wetu walivyoandika barua. Alisema mkono wake ulijifunza njia hiyo kwanza na njia ya kwanza ndiyo ya haraka. Karani wa mkonge hakuzijua herufi hizo, kwa hiyo yeye aliandika kwa herufi za Kizungu, kutoka kushoto. Siku moja karatasi zilipungua, Mkalimani akatuamuru mimi na yeye tuandike katika karatasi moja. Mimi nilianza upande wangu na yeye wake, tukakutana katikati, kiwiko kwa kiwiko, kila mmoja akimwambia mwenziwe asogee. Mzee alituachia tugombane. Kisha akaichukua karatasi, akasoma kulia, akamsomesha karani kushoto.

"Mmoja kaandika meli imechelewa kwa sababu ya dhoruba. Mmoja kaandika meli imechelewa, bila sababu. Nani kasikia?"

Sababu ndiyo niliyoiacha mimi.

Alikuwa na utaratibu wake wa dondoo: nani, kafanya nini, lini, kwa sharti gani. Sharti alilipigia mstari mara mbili. Alisema wakubwa hutoa kwa sauti ya juu na kuweka sharti kwa sauti ya chini, na mtu mjinga huondoka na ile ya juu. Na chini ya kila ukurasa, baada ya yote, aliacha mstari mmoja mtupu. Tuliuacha na sisi kwa kumwiga, miezi kadhaa, kabla hatujathubutu kumwuliza.

"Huo ni wa lile usilolisikia," alisema. "Daima lipo. Ukiujaza ukurasa wote utajidanganya."

Kosa letu kubwa, tuliotoka chuo cha Kurani, lilikuwa kosa ambalo watoto wa misheni hawakulifanya. Sisi tulilelewa kuhifadhi. Toka tukiwa na miaka sita tulikaa mkekani tukashika juzuu nzima kwa sauti, herufi kwa herufi, na maana ikaja miaka ya baadaye kwa wale iliowajia. Basi mwezi wa tatu wa masomo yangu niliona nimepata dawa. Niliisikiliza taarifa ya habari, nikaishika yote. Nilipotakiwa kueleza, nilifumba macho nikaisoma kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na mahadhi ya mtangazaji, na mahali alipokohoa. Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake akasema, "Mashaallah." Hata karani wa mkonge aliduwaa.

Mkalimani alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Umehifadhi vizuri. Mfalme aliyetajwa mwanzo, yu hai au kafa?"

Sikujua.

"Kile kiwanda kimefunguliwa au kimefungwa?"

Sikujua hilo pia.

"Basi mtangazaji kapita kwako kama mgeni kwenye nyumba isiyo na watu. Kaingia, katoka. Anza tena, na safari hii usijali kama utasahau maneno yake."

Ilinichukua karibu nusu mwaka kusahau vizuri.

Mazoezi yake yalikuwa ya kuudhi kwa makusudi. Alimtaka msomaji asome akitafuna kashata. Alingoja jirani aanze kutwanga, ndipo aseme, "Soma." Na kila mara, bila kukosa, sentensi ya mwisho ya kila habari ilibidi karani wa mkonge aisome akiwa amesimama dirishani, uso nje, mgongo kwetu. Tulilalamika.

"Mwalimu, nani huongea hivi?"

"Mkubwa huongea anavyotaka. Hatakugeukia kwa sababu wewe hujasikia."

Na mtu asiyesikia alitakiwa kuinua mkono wa kulia na kuomba arudiwe. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya Kiingereza aliyotaka tuitamke: kwamba sikusikia, tafadhali bwana, rudia. Hakuitamka yeye, alimwagiza karani atufundishe. Tuliisema kila alasiri, mmoja mmoja, tukiwa tumesimama wima. Labda msomaji wa leo ataona ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo. Kumrudisha mkubwa kwenye maneno yake ilikuwa ni kama kumwambia hajui kusema. Tulifundwa tangu utoto kwamba mtu mzima akisema mara moja imetosha, na aliyekosa kusikia huitikia "naam" kisha akaulize wenziwe pembeni. Na kwa Mzungu ndiyo zaidi. Nilizoea dondoo, nikazoea redio yenye betri iliyochoka, lakini ule mkono wa kulia ulikuwa mzito kama gunia la chumvi.

"Inua," aliniambia. "Aibu yako ni ya dakika moja. Ya mwenzio inaweza kuwa ndefu."

Nilidhani mwenzio ni msemo tu.

Nisije nikamchora malaika. Nyumbani kwake mzee huyu alikuwa kiziwi. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kuchoka, alimwita mara nne kutoka uani na yeye akaendelea kutazama njia.

"Nimemwambia chumvi imekwisha," mama alitulalamikia siku moja akileta kahawa. "Jana, juzi, na leo asubuhi. Ningekuwa Mzungu angeniandikia dondoo."

"Nimekusikia," mzee alisema.

"Nimesema nini?"

Mzee akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Si useme basi ile sentensi yenu ya kila siku. Inua mkono."

Tuliangalia chini tukizuia kicheko. Mzee alitengeneza kofia yake. "Umesema kahawa itapoa," alisema, na mama akarudi uani akitikisa kichwa. Nilikumbuka hilo baadaye: kwamba yeye, aliyetusimamisha kila siku tuseme hatukusikia, sikuwahi kumsikia akisema mwenyewe, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, wala kwa mkewe. Alikuwa radhi kubuni.

Nilifaulu mtihani kwa ajili ya ule mkono. Mzungu aliyekuwa akisoma alifika katikati, gari moshi likapiga honi nje, na sentensi ikamezwa. Chumba kizima kiliinamisha vichwa kikaandika chochote. Niliinua mkono nikasema maneno yangu. Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia na jiwe, kisha akarudia sentensi yote polepole. Makarani wengine wakaiandika pia. Nilipokwenda kumpa mzee habari, hakuuliza alama. Aliuliza, "Alirudia?" Nikasema alirudia. "Bila kukasirika?" Nikasema bila kukasirika. Alikaa akiangalia mikono yake hadi adhana ya magharibi, na mimi nikaondoka nikifikiri labda nimemuudhi.

Baadaye niliacha ukarani nikaingia kazi ya kuandikia gazeti. Wengine wetu walitawanyika, karani wa mkonge akahamishiwa Korogwe, redio ya fundi ikafa kabisa. Nilipita barazani mara mojamoja. Hata hivyo nilishangaa, mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, mzee alipokuja mwenyewe nyumbani kwangu Nguvumali, asubuhi, na viatu vyake vimejaa vumbi.

"Una kazi kesho?"

"Sina kubwa, Mwalimu."

"Twende Horohoro. Pana mtu katoka Mombasa, kajenga kule. Nataka uandike atakayosema."

"Mwalimu, wewe ndiye mwandishi."

"Kwa huyu siliamini sikio langu."

Tulipokuwa tunasubiri basi ndipo aliponieleza kisa cha baiskeli, kama nilivyokiandika hapo mwanzo. Alieleza kwa utaratibu wake: nani, kafanya nini, lini. Alisema siku ile ilikuwa joto, alikuwa amekalimani kesi tano, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba hajapata kumrudisha hakimu kwenye maneno yake hata mara moja. Sifa hiyo aliipenda. Baada ya hukumu alikwenda ofisini kwa hakimu aungame.

"Siku tatu nilifika mlangoni," alisema. "Sikubisha. Siku ya nne nikaandika barua ya kuacha kazi. Kuacha kazi kulikuwa rahisi kuliko kubisha mlango. Yule bwana akarudi kwao Ulaya, na mtu wangu akawa yumo ndani anapasua mawe."

"Na Kiingereza?"

"Nilikosa kukitumia siku kilipotakiwa. Nikitumie sasa kwa kumsalimu nani?"

Mtu wa Horohoro tulimkuta nyuma ya nyumba yake akimenya mihogo. Alikuwa wa makamo, mkavu, mwenye jicho moja lenye ukungu. Alimtambua mzee kabla hajatajiwa.

"Wewe ni ile sauti," alisema. "Hakimu simkumbuki uso. Wewe nakukumbuka sauti. Karibuni."

Tulipewa kigoda na mkeka. Mzee hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, bila kujipunguzia, hata ile sifa aliyoipenda. Mwenyeji aliendelea kumenya. Mzee alipomaliza, kuku walikuwa wakidonoa maganda.

"Siku ile ulikuwa na shahidi?" mzee aliuliza.

"Nilikuwa naye. Shemeji yangu. Alikuwapo niliposhikishwa ile baiskeli na mwenyewe niitumie. Alikaa nje, barazani kwa mahakama, tangu asubuhi, anasubiri kuitwa."

"Mbona hukumtaja?"

"Sikuulizwa. Wewe uliniuliza kama nina la kuongeza. Nilikwisha kusema yote mwanzo, ningeongeza nini? Nikasema sina." Aliweka kisu chini. "Kwani hakimu aliuliza juu ya shahidi?"

"Sijui."

"Huenda aliuliza hivyo."

"Huenda. Huenda aliuliza lingine. Sijui, ndugu yangu. Nimekuja unisamehe."

Yule mtu alimtazama kwa jicho lake zima. Hakuwa na hasira. Nilikuwa naandika, na niliandika maneno yake kama yalivyotoka.

"Mzee wangu, kama aliuliza juu ya shahidi, umenifunga wewe, na nitatafuta moyo wa kukusamehe. Kama aliuliza jina la baba yangu, hukunifanya kitu, alinifunga yeye. Nisamehe lipi? Nenda ukajue aliuliza nini, kisha urudi. Mie nipo."

Alitufungia mihogo tuondoke nayo.

Faili la kesi lilikuwapo bado mahakamani. Nilimwomba karani wa masijala, tuliyekuwa tukifahamiana kwa kazi yangu ya gazeti, akaniruhusu nilisome nikiwa nimesimama. Lilikuwa kurasa tatu, mwandiko wa hakimu, wa haraka. Mahakimu wa siku zile waliandika majibu. Maswali waliyabeba vichwani. Nilinakili mstari niliokuwa nautaka, nikaenda Ngamiani moja kwa moja.

Mzee alikuwa barazani, peke yake. Aliponiona na karatasi alitoa mikono kwenye fimbo yake akaiweka mapajani.

"Soma."

Niliusoma kwa Kiingereza kama ulivyoandikwa, kisha kwa Kiswahili: "Mshtakiwa asema hana."

"Hana nini?"

"Hakuandika, Mwalimu."

Uani mkewe alikuwa akitwanga. Mzee alifumba macho, kama siku ile ya bohari. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka kutoka pajani, polepole, hadi usawa wa bega.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Mshtakiwa asema hana.